Kioo na ngozi: historia ya ekra ambayo mpiga picha anafaa kuijua kabla ya kutoa pesa

Picha za ndoa zinaporudi kutoka kuchapishwa, neno la kwanza la familia mara nyingi ni lalamiko. Bibi arusi amekuwa mweusi kuliko alivyo, uso umeingia gizani, macho na meno tu ndiyo yanaonekana. Ao kinyume chake: amekuwa wa rangi ya majivu kama mtu aliyetoka kuugua. Lawama huenda kwanza kwa aparei, kisha kwa mashine ya kuchapa, kisha kwa mpiga picha mwenyewe. Ni mara chache mtu kukilaumu kioo cha kompyuta, ile ekra ambayo mbele yake picha ilirekebishwa kabla ya kwenda popote.

Lakini uamuzi wote ulifanyika hapo. Mpiga picha aliona uso una giza, akauongezea mwanga. Aliona shati lina ubluu, akaongeza manjano. Kama ekra ilimdanganya, basi alitibu ugonjwa ambao haukuwapo. Katika Bukavu, Goma, Uvira, Lubumbashi na miji mingine ya Kongo, kazi ya picha inalisha nyumba nyingi: ndoa, ubatizo, siku ya diploma, matanga, foto za pasipoti. Kwa watu wa kazi hiyo, kununua ekra ni kuchagua jicho watakalolitumia kwa miaka mingi. Na jicho hilo lina historia. Liliumbwa mbali, kidogo kidogo, na watu waliokuwa wakitafuta mambo mengine, na kwa muda mrefu ngozi nyeusi haikuwa katika hesabu zao.

Watu 17 na rangi zote za dunia

Historia ya rangi kwenye ekra inaanza kabla ya kompyuta. Katika miaka ya 1920 huko Uingereza, watafiti wawili, W. David Wright na John Guild, kila mmoja kwa upande wake, waliwakalisha watu mbele ya chombo na kuwaomba walinganishe rangi. Upande mmoja kulikuwa na mwanga wa rangi moja. Upande wa pili kulikuwa na mianga mitatu, mwekundu, wa kijani na wa bluu, ambayo mtu aliichanganya mpaka pande zote mbili zionekane sawasawa. Wright alitumia watu 10, Guild alitumia 7. Hesabu zilizotoka kwa watu hao 17 zilikubaliwa mwaka wa 1931 na tume ya kimataifa ya mambo ya mwanga, CIE, kuwa kipimo cha namna jicho la binadamu linavyoona rangi.

Kipimo hicho kingali kinatumika. Karatasi iliyobandikwa kwenye katoni ya ekra ikisema kwamba inaonyesha asilimia 99 ya rangi fulani, hesabu hiyo inarudi nyuma mpaka kwa wale watu 17. Na njia ya Wright na Guild ndiyo njia ya kila ekra ya leo: nukta ndogo tatu, nyekundu, kijani na bluu, zinazochanganya mwanga wao mpaka jicho likubali kwamba linaona kitenge, jani la mgomba ao shavu la mtoto.

Kioo chenye mgongo mrefu

Chombo chenyewe kilikuwa kimetangulia. Mwaka wa 1897, huko Strasbourg, ambao wakati huo ulikuwa mji wa Ujerumani, Karl Ferdinand Braun alitengeneza bomba la kioo ambamo mshale wa elektroni ulipiga dawa iliyopakwa mbele, na dawa ikawaka. Kutoka bomba hilo zilizaliwa televisheni, na baadaye ekra za kompyuta zenye mgongo mrefu ambazo wazee wa kazi hii wanazikumbuka. Marekani ilikubali taratibu za televisheni ya rangi mwaka wa 1953, na mwaka wa 1968 Sony ilitoa Trinitron, bomba ambalo kwa miaka mingi lilisifiwa na watu wa picha.

Kompyuta za kwanza hazikuwa na haja ya rangi. Zilionyesha maandishi ya kijani ao ya machungwa juu ya giza, na kwa hesabu za benki hilo lilitosha. Mwaka wa 1975 ndani ya kampuni ya Kodak, injinia Steven Sasson alitengeneza aparei ya kwanza ya dijitali. Ilikuwa na uzito wa karibu kilo 4, ilichukua sekunde 23 kuandika picha moja kwenye kaseti, na picha hiyo ilikuwa na nukta 10.000 tu. Kwa kuwa hakukuwa na karatasi wala filamu, picha ilipaswa kutazamwa kwenye televisheni. Mtu wa kwanza kupigwa alikuwa mfanyakazi wa maabara. Ilipoonyeshwa, nywele zake nyeusi na ukuta mweupe nyuma yake vilionekana vizuri, lakini uso wenyewe ulikuwa umevurugika kabisa. Nyuzi fulani zilikuwa zimeunganishwa kinyume, na zilipogeuzwa uso ukatokea. Hilo lilikuwa onyo la mapema: kioo kinaweza kuonyesha cheupe na cheusi bila shida, na bado kikaupoteza uso ulio katikati.

Miaka 12 baadaye jambo kama hilo lilizaa programu inayotumiwa leo karibu katika kila studio. Kompyuta ya Macintosh, iliyotoka mwaka wa 1984, ilikuwa na ekra ya inchi 9 iliyojua mambo mawili tu: nukta nyeusi na nukta nyeupe. Kijivu hakikuwapo. Mwaka wa 1987 Thomas Knoll, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Michigan, alichoka kuona kwamba mashine yake haiwezi kuonyesha picha ya kawaida, akaandika programu ndogo ya kuidanganya ekra ionyeshe kijivu kwa kupanga nukta nyeusi na nyeupe kwa ustadi. Ndugu yake John, aliyekuwa akifanya kazi ya picha za filamu za sinema, aliona faida yake. Mwezi wa pili wa 1990 kampuni ya Adobe iliiuza kwa jina la Photoshop. Kwa maneno mengine, Photoshop ilizaliwa kutokana na udhaifu wa ekra.

Shirley, chokoleti na mbao

Wakati ekra zilikuwa bado zinajifunza kijivu, kazi ya rangi ilikuwa mikononi mwa filamu. Hapo ndipo ngozi ilipopata msiba wake mkubwa.

Kongo ilikuwa na picha zamani. Mwishoni mwa karne ya 19 Herzekiah Andrew Shanu, mzaliwa wa Lagos, alikuwa akipiga picha Boma. Tangu miaka ya 1950 Jean Depara, aliyezaliwa Angola mwaka wa 1928, alipiga picha za usiku wa Kinshasa, za vijana, za baa na za Franco, mfalme wa rumba. Picha zake zilikuwa za nyeusi na nyeupe. Katika chumba cha giza, mpiga picha wa namna hiyo ndiye aliyekuwa hakimu: karatasi ikae muda gani chini ya mwanga, uso utoke vipi. Jicho lake lilijua watu aliowapiga.

Filamu ya rangi iliondoa uamuzi huo na kuupeleka kwenye maabara yenye mashine. Ili mashine zote zitoe rangi ileile, tangu miaka ya 1950 Kodak ilizipelekea maabara kadi ya mfano: picha ya mwanamke mweupe aliyevaa nguo za rangi kali. Wa kwanza alikuwa mfanyakazi wa kampuni aliyeitwa Shirley, na jina hilo likabaki hata wanawake wengine walipochukua nafasi yake. Kama Shirley alitoka vizuri, mashine ilihesabiwa kuwa nzima. Mwenye ngozi nyeusi alipopigwa pamoja na wenzake weupe, mara nyingi uso wake ulikuwa shimo lenye macho.

Mtafiti Lorna Roth wa Chuo Kikuu cha Concordia, Montréal, aliyechapisha kazi juu ya kadi hizo mwaka wa 2009, alieleza jambo linalouma. Malalamiko ya wazazi kuhusu picha za shule za watoto weusi yalikuwapo, lakini kilichoisukuma Kodak zaidi kilikuwa viwanda vya chokoleti na vya samani za mbao. Viwanda hivyo vililalamika kwamba katika matangazo chokoleti ya maziwa haitofautiani na chokoleti nyeusi, na kwamba mbao za aina mbalimbali zinaonekana aina moja. Filamu ikarekebishwa ili iweze kutofautisha kahawia na kahawia. Ngozi ya watu weusi ikafaidika ikiwa nyuma ya chokoleti. Kadi yenye wanawake wa rangi mbalimbali, mweupe, mweusi na wa Asia, ilitokea katikati ya miaka ya 1990 tu.

Si kwamba elimu ilikosekana. Mwaka wa 1976 kampuni nyingine ya Marekani, Macbeth, ilikuwa imetoa kibao cha kupimia rangi chenye miraba 24, kinachojulikana kama ColorChecker na kinachotumika hata sasa. Mraba wake wa kwanza kabisa unaitwa ngozi nyeusi, wa pili ngozi nyeupe. Kipimo kilikuwapo, aliyetaka kukitumia ndiye aliyehitajika.

Mapatano ya miaka ya 1990

Photoshop ilipoenea, ugomvi mpya ulianza. Picha iliyopendeza kwenye ekra moja ilionekana nyekundu kwenye ya pili na hafifu kwenye ya tatu, kisha mashine ya kuchapa ikatoa kitu cha nne. Hakukuwa na lugha moja. Nambari ya kompyuta iliyosema “nyekundu kiwango cha 200” ilikuwa na maana tofauti kwa kila kioo.

Mwaka wa 1993 kampuni nane, zikiwemo Adobe, Apple, Kodak na Microsoft, ziliunda ushirika unaoitwa ICC. Wazo lilikuwa rahisi: kila chombo kiwe na kitambulisho chake, faili ndogo inayoeleza makosa yake. Kompyuta ikijua kwamba ekra fulani inazidisha bluu, itapunguza bluu kabla ya kuituma huko.

Mwaka wa 1996 Hewlett-Packard na Microsoft walileta sRGB. Walichukua namna ekra za kawaida za wakati ule zenye mgongo zilivyoonyesha rangi, wakaifanya kuwa sheria, na mwaka wa 1999 ikawa kanuni ya kimataifa. Intaneti, simu na mashine nyingi za kuchapa foto zimejengwa juu ya mapatano hayo. Mwaka wa 1998 Adobe ilitoa eneo pana zaidi la rangi, Adobe RGB, linalobeba hasa kijani na samawati ambazo wino mzuri unaweza kuzichapa lakini sRGB haizifikii.

Katika lugha ya sRGB, ule mraba wa ngozi nyeusi wa ColorChecker una nambari hizi: nyekundu 115, kijani 82, bluu 68, ambapo 0 ni giza kamili na 255 ni mwanga kamili. Mraba wa ngozi nyeupe una 194, 150 na 130. Kwa hiyo ngozi nyeupe inakaa ghorofa ya juu ya nyumba, na ngozi nyeusi inakaa ghorofa za chini. Tena mraba huo ni kahawia ya kadiri tu. Watu wengi wa Kongo ni weusi zaidi, na upande wa uso ulio kivulini unashuka mpaka 40, 30 ao 20. Ekra inayoharibu giza haimgusi sana Shirley. Inamharibu bibi arusi wa Kadutu.

Kioo chembamba na giza lililomezwa

Ekra zenye mgongo zilikuwa na rangi nzuri lakini zilikuwa mzigo. Ile kubwa ya inchi 21 ilikaribia kilo 30, na hata ya inchi 17 ilikunywa umeme wa wati 70 mpaka 100. Kwa studio inayoishi kwa jenereta ao betri za sola, hilo ni jambo zito. Ekra nyembamba ya LCD ya inchi 24 yenye taa za LED inatumia karibu wati 20 mpaka 30. Katikati ya miaka ya 2000 ekra nyembamba zilishinda sokoni, na zile za mgongo zikatoweka.

Lakini wembamba ulikuja na bei yake. LCD ya kwanza iliyoenea sana, inayoitwa TN, ilitokana na uvumbuzi wa Martin Schadt na Wolfgang Helfrich huko Uswisi mwaka wa 1970. Ni rahisi kuitengeneza, ndiyo sababu ilijaza kompyuta za mkononi za bei ya chini kwa miaka mingi, na nyingi bado zinafanya kazi mijini.

TN ina magonjwa mawili. La kwanza ni pembe ya kutazamia. Kichwa kikipanda kidogo, giza linakuwa jeupe. Kikishuka, giza linameza kila kitu ao rangi zinageuka. Anayerekebisha picha kwenye kompyuta ya mkononi iliyoinamishwa vibaya anabadilisha ngozi ya mteja kila anapojinyosha mgongo. La pili ni uchache wa viwango. TN nyingi zina ngazi 64 tu halisi kwa kila rangi mahali pa 256, na nyingine zinabuniwa kwa kuwasha na kuzima nukta haraka. Hesabu ni hii: kutoka 0 mpaka 115, mahali ambapo ngozi nyeusi inaishi, ekra yenye ngazi 256 ina hatua 116. Yenye ngazi 64 ina hatua karibu 29. Paji la uso, shavu na shingo vinapaswa kugawana hatua hizo chache. Ndiyo maana uso unaonekana kama umekatwa vipande, mwanga hapa na giza pale, bila njia katikati.

Dawa ilitoka Japani. Mwaka wa 1996, mwaka uleule wa sRGB, Hitachi ilianza kutoa ekra za namna ya IPS, ambazo haziyumbishi rangi mtu anapokaa kando ao juu. Mwanzoni zilikuwa ghali, za watu wa hospitali na wachoraji wa viwanda. Zilishuka bei taratibu, na mwaka wa 2010 Apple ilipozitia ndani ya iPad na iPhone 4, watu wa kawaida walianza kuzizoea. Leo ekra ya IPS si anasa tena.

Kazi ya Kongo mbele ya ekra

Lubumbashi inaonyesha kwa nini jambo hili si la matangazo ya biashara tu. Sammy Baloji, aliyezaliwa huko mwaka wa 1978, alijulikana duniani kwa mfululizo wake unaoitwa Mémoire, wa mwaka wa 2006. Alichukua picha za kale za nyeusi na nyeupe, za wafanyakazi wa migodi wakati wa ukoloni, akawakata kwenye kompyuta na kuwasimamisha ndani ya picha zake za rangi za viwanda vya Gécamines vilivyobaki magofu. Watu wa kijivu wamesimama juu ya udongo mwekundu wa Katanga. Mwaka wa 2008 alikuwa miongoni mwa walioanzisha shirika lililochukua neno la Kiswahili kuwa jina lake, Picha, linaloandaa maonyesho ya sanaa ya Lubumbashi kila baada ya miaka miwili.

Kazi ya namna hiyo inasimama ao kuanguka kwenye kivuli. Kama kijivu cha ngozi ya mfanyakazi wa zamani kinamezwa, anabaki kuwa doa. Kama kinaonekana, ni mtu mwenye uso, mwenye jina mahali fulani, aliyebeba mnyororo shingoni. Hali ni hiyohiyo kwa mpiga picha wa mtaa anayetengeneza upya foto ya babu iliyochakaa ili iwekwe juu ya jeneza. Familia haitapata nyingine.

Mbele ya muuzaji

Historia hii yote inampa mnunuzi maswali machache, na hayahitaji dola nyingi.

Swali la kwanza ni namna ya kioo. Neno IPS liandikwe kwenye karatasi ya ekra, na kama halipo, kuna kipimo cha macho. Muuzaji awashe ekra, picha ya mtu mweusi aliyevaa suti nyeusi iwekwe juu yake, kisha mnunuzi aitazame akisimama, akichuchumaa, akienda kulia na kushoto. Mikunjo ya suti ikitokea na kutoweka, hiyo si IPS, hata kama imeng'aa vipi.

Swali la pili ni upana wa rangi. Ekra inayotoa karibu sRGB yote inatosha kwa ndoa, pasipoti na picha zinazopelekwa kwenye simu. Adobe RGB inafaa kwa anayechapisha kwenye mashine kubwa za wino wa rangi nyingi na ambaye mchapishaji wake anapokea faili za namna hiyo. Bila hivyo, faida haionekani kwenye karatasi, na faili ya Adobe RGB ikifunguliwa na programu isiyoielewa, rangi zinafifia na ngozi inaonekana imekufa.

Swali la tatu ni mwangaza, na hapa ndipo pesa nyingi za karatasi zinapotea. sRGB iliandikwa kwa ekra yenye mwangaza wa kandela 80 kwa mita mraba. Ekra za leo zinatoka kiwandani zikiwa na 250 ao zaidi, ili zing'ae magazini. Mpiga picha anayefanya kazi kwenye mwangaza huo anaona kila uso una nuru ya kutosha, hagusi kitu, na picha inatoka kwenye mashine ikiwa na giza. Kushusha mwangaza mpaka kati ya 80 na 120 ni bure na kunaokoa umeme pia. Rangi ya cheupe nayo iwekwe kwenye 6500. Ekra nyingi zinapendelea weupe wenye ubluu; aliyeuzoea anaongeza wekundu na manjano bila kujua, na watu wote wanatoka wamefanana na matofali.

Swali la nne ni kipimo. Kuna vifaa vidogo vinavyowekwa juu ya kioo, vinasoma rangi na kutengeneza kile kitambulisho cha ICC cha mwaka 1993. Bei yake inaweza kukaribia bei ya ekra yenyewe, lakini kazi yake ni ya dakika chache kwa mwezi. Studio tano za mtaa mmoja zinaweza kuchanga na kununua kimoja. Ekra ya kadiri iliyopimwa inasema ukweli kuliko ekra ghali isiyopimwa.

Kwa ekra za okazyo zinazotoka Ulaya, umri ni jambo la kuuliza. Za zamani zina taa za bomba nyuma ya kioo, na bomba likichoka ekra inakuwa ya manjano na pembe zake zinaingia giza. Karatasi nyeupe ikishikwa kando ya ekra nyeupe inaonyesha ugonjwa huo mara moja. Na kwa kuwa umeme unapanda na kushuka, bei ya stabilizateri ihesabiwe pamoja na bei ya kioo.

Mwisho, chumba. Ekra nzuri mbele ya dirisha wazi ao kando ya ukuta uliopakwa kijani haimsaidii mtu. Ukuta wa kijivu ao mweupe, taa moja isiyobadilika, na kioo kisipigwe na jua: watu wa maabara wamekuwa wakifuata sheria hiyo tangu zamani.

Kadi ya mtaa

Kwa karibu miaka 40 maabara za dunia zilipima rangi kwa uso wa Shirley. Wazo lenyewe la kadi halikuwa baya. Kosa lilikuwa kwamba uso ulikuwa mmoja, na ulikuwa wa mtu wa mbali.

Studio yoyote ya Kongo inaweza kujitengenezea kadi yake. Wanatosha watu wanne waliokubali kupigwa pamoja kwenye mwanga wa asubuhi: mzee mweusi sana, mama wa rangi ya kahawia, kijana mweupe kidogo, na mtoto. Mmoja avae shati jeupe, mwingine suti nyeusi, mwingine kitenge chenye rangi kali. Picha hiyo ipelekwe kwa mchapishaji anayetumiwa kila siku, na aombwe asiiguse kwa marekebisho yake. Karatasi ikirudi, iwekwe kando ya ekra chini ya taa ileile, na mwangaza wa ekra ushushwe ao upandishwe mpaka nyuso nne za kwenye kioo zifanane na nyuso nne za kwenye karatasi. Kisha karatasi ihifadhiwe ndani ya bahasha, mbali na jua, na itolewe kila mwezi.

Haichukui nafasi ya kifaa cha kupimia, lakini bei yake ni ya foto moja. Na siku ekra mpya inaponunuliwa, bahasha hiyo ndiyo ya kwenda nayo magazini. Muuzaji atasema mengi kuhusu kioo chake, na wale watu wanne wataonyesha kama ni kweli.